Muziki Ulioandikwa: Ulaya Kutoka Monasteri hadi Santuri

Isidore, askofu wa Seville aliyefariki mwaka 636, aliandika kwamba sauti za muziki zisipotunzwa katika kumbukumbu za watu hupotea, kwa kuwa haziandikiki. Alikuwa miongoni mwa wasomi walioheshimiwa sana wa zama zake, na kwa zama hizo alisema kweli tupu. Wagiriki wa kale walikuwa na alama zao za kuandikia nyimbo, lakini elimu hiyo ilikwisha kusahaulika upande wa magharibi. Ulaya ya Isidore iliimba kama walivyoimba watu wa kila mahali: mkubwa anatoa, mdogo anapokea, na wimbo unakaa kifuani mwa anayeujua. Akifa bila kuurithisha, umekwenda naye.

Karne nne baadaye hali hiyo iligeuka, na katika mgeuko huo ndimo kilimozaliwa karibu kila kitu tunachokitambua leo kuwa muziki wa Magharibi: kwaya ya sauti nne, simfoni, mtunzi mwenye jina lake juu ya karatasi, mpiga piano anayekitazama kitabu badala ya kumtazama mwenzake. Husemwa kwamba Ulaya ilifika hapo kwa ubora wa ala zake au wa sikio lake. Sikubali. Ala zake nyingi zilitoka kwingine, na sikio halina taifa. Kilichoitofautisha ni kwamba ilianza kuandika sauti, na ilipokwisha kuanza haikuacha.

Chanzo chenyewe kilikuwa cha kiutawala. Wafalme wa Wafranki, Pippin na mwanawe Charlemagne, walitawala nchi zilizosambaa katika Ufaransa na Ujerumani za leo, na kila jimbo lilikuwa na nyimbo zake za ibada. Walitaka ufalme mmoja wenye sala moja, nayo iwe ile ya Roma. Mwaka 789 Charlemagne aliagiza makasisi wajifunze uimbaji wa Kiroma. Waimbaji waliletwa kutoka Roma, wakafundisha, na bado makanisa yakawa yanaimba kila moja kivyake. Waroma walizilaumu koo za watu wa kaskazini kuwa nzito na za kukwaruza. Watu wa kaskazini nao walisimulia kwamba Waroma waliwafundisha makosa makusudi, kwa wivu. Lawama za pande zote mbili zimehifadhiwa, na ukizisoma unaona mara moja tatizo lilipo: hapakuwa na kitu cha tatu cha kuamua nani kaimba sawa.

Mwanzoni mwa karne ya 10, watawa wa St. Gallen, katika Uswisi ya leo, walikuwa wakichora vialama vidogo juu ya maneno ya sala: nukta, vistari vinavyopanda, vikonyo vinavyojipinda. Vialama hivyo vinaeleza kwa ustadi mkubwa namna ya kuimba, wapi pa kuharakisha na wapi pa kukawia, lakini havisemi sauti ianzie wapi wala ipande kiasi gani. Vilimkumbusha anayejua, asiyejua havikumfaa. Nyimbo zenyewe zilipewa jina la Papa Gregory wa Kwanza, ingawa yeye alifariki mwaka 604, na wachoraji walimwonyesha akinong'onezewa sikioni na njiwa. Jina lake liliipa kazi hiyo mamlaka ambayo amri ya mfalme peke yake isingeweza kuipa.

Aliyelikata shauri ni Guido, mtawa wa monasteri ya Pomposa karibu na bahari ya Adriatiki, ambaye leo anajulikana kwa jina la mji aliohamia baadaye, Arezzo. Alikuwa mwalimu wa waimbaji, na uvumilivu wake ulikuwa umekwisha. Aliandika kwamba vijana walitumia miaka 10 wakikariri na bado hawakuweza kuimba hata wimbo mmoja ambao hawakufundishwa. Dawa yake, katika miaka ya 1020, ilikuwa kuzipanga alama juu ya mistari, kila mstari na kila nafasi iliyo kati ya mistari ikawa makao ya sauti moja. Mstari mmoja aliupaka rangi nyekundu na mwingine ya njano ili jicho lisipotee. Na ili sikio nalo lisipotee, alichukua utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kwa mahadhi ambayo kila kipande huanza hatua moja juu ya kilichotangulia, akatwaa silabi za mwanzo za vipande hivyo: ut, re, mi, fa, sol, la. Karne kadhaa baadaye ut ikageuzwa do na silabi ya saba ikaongezwa.

Guido alidai kwamba kwa njia hii mwimbaji hukamilika kwa mwaka mmoja, au miwili kwa wingi. Wenzake wa Pomposa hawakumpenda kwa sababu hiyo, ndipo akahamia Arezzo chini ya ulinzi wa askofu wa huko. Papa John wa 19 alipopata habari zake alimwita Roma, akafunua kile kitabu chenye mistari, wala hakuinuka mpaka alipoweza mwenyewe kuimba kipande ambacho hajapata kukisikia. Guido anausimulia mkutano huo kwa furaha isiyofichika, na furaha hiyo aliistahili. Katika historia yote hii sioni siku kubwa kuliko hiyo. Wimbo ulimfikia mtu bila kupitia kinywani mwa mtu mwingine.

Lakini mwandiko wowote huchagua la kubeba na la kuacha. Mistari ya Guido ina makao ya sauti zilizopangwa hatua kwa hatua. Kilicho katikati ya hatua hakina pa kukaa. Anayeujua udi wa taarabu anaielewa hasara hiyo, kwa kuwa maqamu ya Kiarabu yana sauti zinazokaa hapo hapo katikati. Na udi wenyewe unayo sehemu katika habari hii. Lute, ala iliyotawala nyumba za Ulaya kwa karne nyingi, ni udi uliopitia Hispania na Sicily za Waarabu. Wazungu waliifunga nyuzi za utumbo kuzunguka shingo yake ili vidole vijue sauti ilipo, na kuelekea mwisho wa karne ya 15 wakaanza kuacha kuipiga kwa unyoya wakatumia vidole, mkono mmoja upate kutoa sauti tatu au nne kwa pamoja. Udi unaopigwa Zanzibar na Muscat una shingo laini mpaka leo.

Huko Paris, kanisa la Notre-Dame lilianza kujengwa mwaka 1163, na jengo likiwa bado linapanda waimbaji wake walianza kujenga kwa sauti. Majina ya wawili kati yao, Léonin na Pérotin, tunayapata kwa mwandishi mmoja wa karne ya 13 ambaye jina lake yeye mwenyewe limepotea. Wimbo wa Krismasi wa Pérotin uitwao Viderunt omnes, unaohusishwa na mwaka 1198, una sauti nne. Sauti ya chini inashika wimbo wa kale wa watawa, lakini inaushika pole pole mno hata silabi moja inachukua dakika nzima na zaidi; juu yake sauti tatu zinarukaruka, zinapokezana, zinagongana kisha zinapatana. Ukiusikiliza leo bado unashangaza.

Sauti nyingi zenyewe si uvumbuzi wa Ulaya. Bambuti wa msitu wa Ituri, huko Kongo, huimba sauti nyingi zinazosukana, bila karatasi na bila kiongozi wa kuwapangia, na ufundi wao haupungui kitu mbele ya ule wa Paris. Kilichokuwa kipya Notre-Dame ni kwamba mtu mmoja aliweza kukaa peke yake, kimya, akapanga sauti nne ambazo hazijasikika popote, kisha akawapa wengine waziimbe kama zilivyo. Huo ndio mwanzo wa mtunzi kwa maana ya Kizungu.

Kilichobaki kilikuwa wakati. Mistari ilionyesha sauti ipi. Haikuonyesha kwa muda gani. Karibu na mwaka 1280 Franco wa Cologne alieleza utaratibu ambao umbo la nota lenyewe linataja urefu wake, na katika miaka ya 1320 kundi la Philippe de Vitry kule Paris likazigawa nota hizo vipande vidogo zaidi, kwa mapigo ambayo hakuna aliyepata kuyaandika. Papa John wa 22 alitoa waraka wa kuwakemea watunzi waliokatakata nyimbo takatifu. Hawakusikia. Katika miaka ya 1360 hivi Guillaume de Machaut, kasisi wa Reims aliyekuwa pia mshairi, alitunga misa nzima kwa sauti nne, kuanzia Kyrie hadi Agnus Dei. Ndiyo ya kwanza tunayoijua kuwa imetungwa yote na mtu mmoja mwenye jina.

Uchapaji ulifuata. Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci wa Venice alitoa kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi kilichopigwa chapa kwa herufi za chuma. Kila ukurasa uliingia kwenye mtambo zaidi ya mara moja, mistari kwanza na nota baadaye, na ilikuwa lazima nota ziangukie mahali pake bila kuhama hata kidogo. Kurasa zake ni nzuri kupita nyingi zilizokuja baadaye. Ziligharimu sana, na ni Pierre Attaingnant wa Paris, mwaka 1528, aliyefanya kazi hiyo kwa chapa moja tu na kuufanya muziki uwe bidhaa ya sokoni. Jina la mtunzi nalo likawa na bei. Josquin des Prez alifariki mwaka 1521, lakini wachapaji waliendelea kutoa nyimbo mpya kwa jina lake, mpaka ikaandikwa Ujerumani mwaka 1540 kwamba Josquin anatunga zaidi akiwa amekufa kuliko alipokuwa hai.

Chapa hiyo hiyo ndiyo iliyombeba Martin Luther, Mjerumani aliyejitenga na kanisa la Roma. Vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri vilitoka mwaka 1524, kwa Kijerumani, ili mwashi na mchuuzi waimbe wenyewe badala ya kuimbiwa. Wakatoliki walijibu kwa namna yao, na mtunzi wao Palestrina akawapa sauti zilizopangwa kwa usafi usio na kifani. Opera ilizaliwa katika majumba ya wakuu wa Italia. Orfeo ya Monteverdi ilichezwa Mantua mwaka 1607, na mwaka 1637 Venice ikafungua jumba la opera la kwanza ambalo yeyote mwenye kiingilio aliingia.

Kwa Johann Sebastian Bach lazima tutue. Mwaka 1723 aliajiriwa na mji wa Leipzig kuwa msimamizi wa muziki wa makanisa na mwalimu wa vijana wa shule ya Mtakatifu Thomas. Katika miaka yake ya mwanzo pale alitoa kantata karibu kila Jumapili: anaitunga ndani ya juma, mke, watoto na wanafunzi wananakili sehemu za kila sauti na kila ala, inafanyiwa mazoezi kwa haraka, inaimbwa, Jumapili nyingine inataka nyingine. Nyingi kati ya zile zilizosalia ni kazi za kilele. Mwaka uliotangulia, 1722, alikuwa amekamilisha kitabu cha vipande vya kinanda vinavyozunguka funguo zote 24, kuonyesha kwamba kinanda kilichopangwa vizuri kinaweza kuimba kutoka mahali popote.

Hata hivyo watu wa wakati wake walimjua zaidi kama mpigaji wa papo kwa papo. Mwaka 1747 alimtembelea mfalme Frederick wa Pili huko Potsdam. Mfalme akampa mahadhi magumu, na Bach, mbele ya wote, akayajengea fuga, sauti tatu zikifukuzana kwa mahadhi hayo, bila kuandika nota moja. Alipoombwa sauti sita aliona kwa mahadhi yale haifai, akaiandika aliporudi nyumbani na kumtumia mfalme. Ile ya Potsdam iliyeyuka hewani. Ile ya sauti sita tunayo.

Baada ya kifo chake mwaka 1750 sehemu kubwa ya kazi zake ililala kwenye makabati. Mwaka 1829, mjini Berlin, Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliongoza Mateso ya Bwana kwa mujibu wa Mathayo ya Bach, ambayo haikuwa imeimbwa nje ya Leipzig. Tangu hapo Ulaya ikaanza tabia mpya: kuwaimba na kuwapiga wafu kuliko walio hai. Karatasi iliwezesha hilo, na sina hakika kama ilikuwa neema tupu.

Haydn aliitumikia familia ya Esterházy kwa miongo mingi. Mozart aliacha kazi ya askofu mkuu wa Salzburg mwaka 1781 akajitegemea Vienna. Kati ya maisha hayo mawili kuna badiliko zima la hadhi ya mtunzi. Huko London, mwaka 1777, mahakama iliamua katika kesi ya mwana wa Bach, Johann Christian, kwamba muziki uliochapwa unalindwa na sheria kama kitabu kingine chochote. Wimbo ukawa mali.

Ludwig van Beethoven aliifikisha karatasi ukingoni. Zamani tamasha la piano na okestra lilikuwa na mahali ambapo okestra hunyamaza na mpigaji hubuni yake kwa muda atakao. Katika tamasha lake la tano, lililochapwa mwaka 1811, Beethoven aliandika pale pale kwamba mpigaji asibuni kitu, aendelee moja kwa moja na kilichoandikwa. Mlango uliokuwa wazi kwa karne nyingi ulianza kufungwa. Lakini ni karatasi hiyo hiyo iliyomwokoa. Masikio yake yalikuwa yamekufa karibu kabisa alipotunga Simfoni ya Tisa. Aliisikia yote ndani, akaiandika, na tarehe 7 Mei 1824, mjini Vienna, ikapigwa mbele yake. Mwimbaji Caroline Unger ndiye aliyemgeuza awatazame watu waliokuwa wakimshangilia. Hakuna utamaduni wa kurithishana nyimbo kwa mdomo ambao ungeweza kumpa kiziwi nafasi hiyo.

Karne ya 19 ilipanua kila kitu. Okestra ilikua, akasimama mtu mbele yake na kijiti. Tarumbeta zilipata vali karibu na mwaka 1818, zikaweza kupiga sauti zote, na bendi za jeshi zilizozibeba zilifika mpaka pwani yetu, ambako vijana wa Lamu na Mombasa walizigeuza kuwa ngoma ya beni. Liszt alifanya mpiga piano mmoja ajaze ukumbi peke yake. Wagner alijijengea jumba lake Bayreuth na kulifungua mwaka 1876. Debussy alisikia gamelan, okestra ya gongo ya Java, kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, na sikio lake halikurudi lilikotoka. Mwaka 1913, mjini Paris, Stravinsky alileta mapigo yaliyowafanya watazamaji wapigiane kelele ukumbini. Schoenberg naye aliziweka sauti zote 12 sawa, akaondoa ile hali ya wimbo kuwa na nyumbani pa kurudi. Kazi hiyo naiheshimu kuliko ninavyoipenda.

Lakini kwa Afrika, tukio kubwa la karne ya 19 halikutokea katika ukumbi wowote wa fahari. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, alikuwa akiwafundisha watoto kuimba kwa silabi za Guido bila mistari mitano, kwa herufi tu. Mchungaji John Curwen aliichukua njia hiyo katika miaka ya 1840, akaitengeneza na kuichapa: d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta na mikato ya kuhesabia mapigo. Ilikuwa rahisi kuchapa, haikuhitaji kinanda, na fundi wa kiwandani aliisoma baada ya majuma machache. Wamisionari waliibeba kila walikokwenda.

Mwaka 1897, huko Johannesburg, mwalimu wa shule ya misheni aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo kwa herufi hizo katika daftari lake. Alifariki mwaka 1905 bila kujua utakakofika. Mahadhi yake ndiyo Watanzania wanayoyaimba katika Mungu Ibariki Afrika. Na wanakwaya wa Mwanza, Moshi au Kisumu ambao leo wameshika karatasi ya sol-fa, wa besi wakitafuta so yao ya chini, wanatumia chombo kile kile ambacho Guido aliwatengenezea vijana wa Italia.

Nguvu ya karatasi ilitikiswa na mashine. Thomas Edison alitoa fonografu mwaka 1877, na Emile Berliner akaleta gramafoni ya santuri bapa muongo uliofuata. Mwaka 1902, katika chumba cha hoteli mjini Milan, Enrico Caruso aliimba nyimbo 10 mbele ya pembe ya kunasia sauti, na mauzo yake yakawathibitishia wote kwamba santuri si mchezo wa watoto. Sasa vile ambavyo mistari iliviacha nje, mkwaruzo wa koo, kuchelewa kidogo nyuma ya pigo, sauti iliyo katikati ya hatua mbili, viliweza kuhifadhiwa na kuuzwa. Ndiyo maana muziki uliotawala karne ya 20 ulikuwa wa watu ambao hawakuutegemea mwandiko: Wamarekani weusi wa New Orleans, Mississippi na Chicago. Santuri za kwanza za jazi zilitoka mwaka 1917, na ni aibu ya biashara hiyo kwamba zilikuwa za bendi ya wazungu waliojifunza kwa weusi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi, na sauti yake, ambayo nota zisingeweza kuishika, ikarudi pwani ikiwa ndani ya kasha.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1958, padre Mbelgiji aitwaye naye Guido, Guido Haazen, alikuwa Kamina, Katanga, na kwaya ya vijana na walimu wao. Waliyachukua maneno ya Kilatini ya misa, yale yale ambayo Machaut aliyaandikia sauti nne kule Reims, kuanzia Kyrie hadi Agnus Dei, wakayaimba kwa mahadhi ya nyimbo za Kongo pamoja na ngoma, kila mmoja akibuni juu ya mwenzake. Hawakuandika kitu. Mwaka huo huo walikwenda Ulaya, misa yao, iitwayo Missa Luba, ikanaswa kwenye santuri, na ni baada ya dunia kuisikia ndipo ikanukuliwa katika mistari mitano, ili kwaya za Ulaya nazo ziweze kujifunza.